Urmila alilala miaka 14: hadithi za kale za Kihindu na wanaozisimulia upya

#1 | Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu jambo lenyewe ni pana na sikutaka kulitupa hapa nusunusu. Leo nimepata nafasi, naomba tukae.

Nianze na bibi yangu. Sisi ni watu wa Pangani, na kama watoto wengi wa pwani nimepitiwa na usingizi mara nyingi nikisikiliza kisa cha kima na papa. Mnakijua. Kima anakaa juu ya mkuyu, matawi yake nusu yako nchi kavu na nusu yako juu ya bahari. Anamtupia papa matunda kila siku hadi wakawa marafiki. Papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni, na walipofika kilindini akamfungulia: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakupiga kelele. Alisema tu, ungeniambia mapema, maana sisi mioyo yetu huiacha juu ya miti. Papa akamrudisha. Kima akapanda juu akanyamaza, na alipoitwa ashuke ndipo akatoa kisa cha pili, cha punda wa dobi asiye na moyo wala masikio.

Kisa hicho kilichapishwa kwa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, katika ngano alizokusanya Edward Steere. Nilikishika kuwa ni chetu tangu enzi na enzi, hadi nilipohamia Tanga kusoma. Nyumba ya pili palikuwa na bibi wa Kigujarati, nasi tukimwita Ba kama wajukuu zake walivyomwita. Jioni moja, akichambua dengu kwenye sinia, akaanza kunisimulia habari za kima na mamba. Mti wake ulikuwa mjambu, ukoo mmoja na mzambarau wetu. Anayeutaka moyo ni mke wa mamba, si sultani. Kima anaokoka kwa uongo uleule. Na akishaokoka anatoa kisa kilekile: punda aliyechoshwa na mizigo ya dobi, mbweha anamrubuni mara mbili, simba anamuua, mbweha anakula moyo na masikio, kisha anamwambia simba kwamba punda huyu hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Kisa ndani ya kisa, mpangilio uleule. Ile ni Panchatantra, mkusanyo wa ngano za kale za India kwa lugha ya Kisanskriti. Kwetu mamba amekuwa papa, mbweha amekuwa sungura, mjambu umekuwa mkuyu. Dobi ndiye hakubadilika hata jina, maana neno lenyewe ni la Kihindi.

Basi nikajiuliza: bibi zetu walipombadilisha mamba kuwa papa, walimwomba nani ruhusa? Na Panchatantra ni ngano za kufundishia watoto wa mfalme, hakuna anayezipigia magoti. Je, Ramayana na Mahabharata, tenzi mbili kuu za Wahindu, ambazo ndani yake mna Rama na Krishna wanaoabudiwa hadi leo, nazo zinakubali kuguswa?

Nina jibu langu, na nitalishusha kwa vipande hadi nimfikie Urmila wa kwenye kichwa cha uzi, mke aliyeachwa nyuma katika Ramayana. Karibuni.

#2

Natia nanga hapa mkuu. Ila utusaidie sisi ambao Ramayana tunaisikia kwa mbali, utupe kwanza kisa chenyewe.

#3 | Mleta uzi

Sawa ndugu yangu. Kwa ufupi sana, maana Ramayana ya Valmiki ina beti kama 24,000.

Rama ni mwana wa mfalme wa Ayodhya na ndiye mrithi. Mama yake wa kambo, Kaikeyi, anamdai mfalme ahadi ya zamani: Rama apelekwe msituni miaka 14 na mwanawe Bharata apewe kiti. Rama anakwenda bila ugomvi. Mkewe Sita anamfuata, na mdogo wake Lakshmana pia. Huko msituni Ravana, mfalme wa Lanka mwenye vichwa kumi, anamteka Sita. Rama anapata jeshi la nyani, Hanuman akiwemo, wanajenga daraja baharini, Ravana anauawa, Sita anarudishwa. Kisha Sita anatakiwa apite motoni kuthibitisha kwamba hakuguswa. Anapita salama. Baadaye watu wa mji wananong'ona tena, na Rama anamtoa akiwa mjamzito. Anajifungua mapacha katika makao ya Valmiki mwenyewe, na mwishoni anaiomba ardhi immeze. Ardhi inafunguka, anaondoka.

Sasa sikilizeni jambo hili. Ipo Ramayana nyingine ya Kisanskriti, Adhyatma Ramayana. Humo Rama anamkataza Sita kwenda msituni, na Sita anajibu: Ramayana nyingi zimekwisha kusimuliwa, ni ipi uliyosikia ambamo Sita alibaki nyumbani? Mhusika anatetea haja yake kwa kuzitaja simulizi zilizomtangulia! Niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikatoka nje kupunga upepo.

Na nyingi kweli. Kamban aliitunga kwa Kitamil karne ya 12. Tulsidas aliianza ya kwake mwaka 1574 kwa Kiawadhi, lugha ya watu wa kawaida, wakati wasomi wakiona mambo ya mungu yana lugha yake, na leo kaskazini mwa India hiyo ndiyo watu wanayoiimba majumbani. Wajaini, watu wa dini nyingine ya India, wana ya kwao, iliyoandikwa na Vimalasuri. Humo Ravana si jitu la vichwa kumi. Alipokuwa mtoto alivaa mkufu wa vito, uso wake ukaonekana mara tisa ndani ya vito vile, ndipo akapewa jina la Mwenye Nyuso Kumi. Na anayemuua ni Lakshmana, kwa sababu Rama wa Kijaini hawezi kutoa roho ya kiumbe. Thailand wana Ramakien, na Hanuman wa kule ni mpenda wanawake, wakati Hanuman wa India hajui mwanamke. Wamalay, ambao ni Waislamu, wana Hikayat Seri Rama.

Kwa hiyo anayesema "hadithi ya asili isiguswe" inabidi kwanza atuambie ni ipi.

#4

Mkuu nakuheshimu, lakini hapa naomba nikupinge kwa upole. Mimi nimefanya kazi miaka mingi na Wahindu, nimekula kwao, nimekaa nao msibani. Kwao Rama si mhusika wa riwaya. Mtu akitajiwa jina la Rama wakati anakata roho, ni ibada. Sasa leo mtu anakaa na kompyuta anamfanya Sita mpiganaji wa panga ili auze kitabu, huko si kuchezea imani za watu? Sisi wenyewe tungekubali mitume wetu wafanyiwe hivyo?

#5 | Mleta uzi

Ndugu, umesema la maana na sitalipita juujuu. Ba, yule jirani, alikuwa na picha ya Rama na Sita jikoni, na kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko aliigusa miguu. Sijasahau hilo, na sitaki kuandika neno ambalo ningeona haya kumsomea.

Ila tazama mambo mawili. La kwanza, hadithi zenyewe zimekuja zikiwa zimeshasimuliwa upya. Mahabharata, utenzi wa vita vya ndugu wa ukoo wa kifalme, haianzi na Vyasa, anayesemwa ndiye mtunzi wake, akisema. Inaanza na msimuliaji aitwaye Ugrashravas, anayefika msitu wa Naimisha na kuwasimulia wazee wa dini kile alichomsikia Vaishampayana akimsimulia mfalme Janamejaya, naye Vaishampayana alikipokea kwa mwalimu wake Vyasa. Mikono mitatu kabla hujafika kwenye vita. Ile picha maarufu ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, akiandika kwa kufuata kinywa cha Vyasa, wasomi wa taasisi ya Bhandarkar pale Pune waliiweka kwenye nyongeza, si katika matini. Walilinganisha miswada 1,259, kazi waliyoianza mwaka 1919 na kuimaliza 1966, wakaona kipande hicho kiliongezwa baadaye. Hata hivyo nani leo anaweza kumtoa Ganesha kwenye hadithi ile? Nyongeza imeshakuwa mwili.

La pili, waliothubutu kusimulia upya wengi walikuwa watu wa imani, au watu wa imani nyingine walioipenda hadithi kwa dhati. Mahabharata ya televisheni iliyorushwa India kuanzia 1988 hadi 1990, iliyosimamisha shughuli za mitaa, mazungumzo yake yaliandikwa na Rahi Masoom Raza, Mwislamu. Yeye alimtoa Vyasa kwenye usimulizi akaweka Wakati wenyewe uwe msimuliaji. Sauti bila mwili, inaanza kwa kusema "Mimi ni Wakati". Huo ni ubunifu mpya kabisa, na waumini waliupokea.

Lakini ni kweli hasira zipo. Msomi na mshairi A. K. Ramanujan aliandika makala kuhusu wingi wa Ramayana, na mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Delhi kikaiondoa kwenye mtaala wa historia baada ya malalamiko. Naona walikosea, kwa sababu makala yale yalikuwa yanahesabu tu kilichopo.

Hilo la Sita kushika panga ili kitabu kiuzike, tuko pamoja. Kumpa mtu panga bila kumpa swali ni kumvalisha nguo tu.

#6

Shikamooni wakubwa. Naomba dada yenu nichangie, kwa sababu mmetaja Sita mara nyingi na hamjamtaja mwanamke aliyemwandika.

Karne ya 16, sehemu za Kishoreganj ambazo leo ni Bangladesh, aliishi mshairi mwanamke, Chandrabati. Aliitunga Ramayana kwa Kibengali na hakuanza na Rama. Alianza na kuzaliwa kwa Sita. Vita, ambavyo wanaume wanavipa kurasa mia, kwake vinapita haraka. Sita anasimulia mwenyewe miaka yake, miezi kumi na miwili mmoja mmoja, akiwa amekaa na wanawake wenzake.

Halafu kuna kile kipande cha pepeo. Wifi mmoja, Kukuya, binti wa Kaikeyi, anambembeleza Sita amchoree Ravana kwenye pepeo, ati amwone alivyokuwa. Sita anakataa, anasumbuliwa, mwisho anachora, usingizi unamchukua. Kukuya anamwekea pepeo kifuani na kwenda kumwita Rama. Mnaona? Kwa Valmiki ni minong'ono ya mjini. Kwa Chandrabati ni nyumba, ni fitina za mawifi, ni pepeo kifuani kwa mtu aliyelala. Aliyeolewa kwenye ukoo mkubwa anaelewa bila kuelezwa. Na Chandrabati hafichi: anaingia ndani ya utenzi kwa jina lake na kumwambia Rama kwamba kusikiliza maneno ya watu kumempotezea akili.

Huyo alikuwa Mhindu, mcha Mungu, miaka mia nne na zaidi iliyopita. Kwa hiyo anayedhani kumtetea Sita ni mambo ya juzi, aende kwa Chandrabati.

#7 | Mleta uzi

Dada, marahaba, na Mungu akuzidishie. Nilikuwa na Chandrabati kwenye rasimu yangu, lakini la pepeo umelieleza kuliko ambavyo ningeweza.

#8

Mimi ni mtu wa Mahabharata. Kuna kijana mle anaitwa Ekalavya, mtoto wa msituni, wa jamii iliyodharauliwa. Anamwomba Drona, mwalimu wa wana wa wafalme, amfundishe upinde, Drona anakataa kwa sababu ya kizazi chake. Kijana anafinyanga sanamu ya Drona kwa udongo na kujifundisha mbele yake hadi anawapita wana wa wafalme. Drona akigundua, anadai ada ya mwalimu: kidole gumba cha mkono wa kulia. Ekalavya anakikata na kumpa.

Zamani mafundisho ya kisa hiki yalikuwa utii wa mwanafunzi. Watu wa makabila ya asili na wale walioitwa wasioguswa wakakisoma kutoka upande wa kidole. Na soma hii: Januari 2011 Mahakama ya Juu ya India, ikiamua kesi ya mwanamke wa Kibhil, mojawapo ya makabila hayo ya asili, aliyetembezwa uchi kijijini, ilimtaja Ekalavya ndani ya hukumu na kusema alichofanya Drona ni aibu.

Majaji hawakubadilisha neno hata moja la hadithi. Walibadilisha nani anayehurumiwa. Hapo ndipo mimi naona usimulizi mpya ulipo.

#9 | Mleta uzi

#8, hilo ndilo jibu langu, umelisema kabla yangu. Kisa cha kale kina watu waliowekwa pembeni, na msimuliaji mpya anavuta kigoda anakaa karibu nao. Na atamwona nani, inategemea maisha yake mwenyewe yamemfundisha kumwona nani.

Sasa nifike kwa Urmila, ambaye ndiye hasa amenileta hapa.

Urmila ni mdogo wake Sita na mke wa Lakshmana. Ndoa zilifungwa pamoja, ndugu wanne na mabinti wanne. Lakshmana alipoamua kumfuata kaka yake msituni, mkewe alibaki. Miaka 14. Valmiki anataja ndoa yake, kisha hana neno naye. Rabindranath Tagore aliandika makala kuhusu wanawake waliosahauliwa na washairi, akamtaja yeye. Maithili Sharan Gupt akamtungia kwa Kihindi utenzi mzima, Saket, mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Lakini wanawake wa Kitelugu walishamkumbuka kabla ya wote, kwa nyimbo zao za nyumbani. Wao wanasema Lakshmana hakulala msituni miaka yote 14, alikesha akimlinda kaka na shemeji. Usingizi wake ukapewa Urmila, naye akalala wa kwake na wa mumewe. Wimbo unafika Lakshmana anaporudi. Anaingia chumbani, anamwamsha. Urmila hamjui! Anadhani ni mwanamume mgeni, anamkemea, anamkumbusha yaliyowapata waliotamani wake za watu. Lakshmana aliyeshinda vita Lanka anasimama kando ya kitanda chake mwenyewe akijieleza.

Nilipousoma wimbo huo kwa mara ya kwanza bibi yangu, yule wa kima na papa, alikuwa na mwaka wa pili kitandani baada ya kiharusi. Tulikuwa tukimgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda mgongoni. Mama alikuwa na saa ya mezani ya kengele, anaitega saa nne, saa sita, saa nane. Mafuta ya nazi kwenye visigino, mto mdogo katikati ya magoti, shuka iliyonyooshwa isiwe na mkunjo hata mmoja, maana mkunjo mmoja unaamka asubuhi ni kidonda. Anayeuguza mtu aliyelala ananielewa.

Basi nikawaza: miaka 14. Ni nani aliyekuwa akimgeuza Urmila?

Hakuna wimbo nilioukuta unaomtaja mtu huyo. Nikamwandika. Naweka hapa kipande:

*Mlango ulipofunguliwa, mwanamke mzee hakuinuka. Alikuwa ameushika mguu wa Urmila, anakata kucha ya kidole cha mwisho, na kazi hiyo haikatizwi.*

*"Nani amekuruhusu uingie?" akauliza.*

*"Mimi ni Lakshmana."*

*Akamtazama miguu kwanza. Nyayo zilipasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Kisha akamtazama macho, akaona wekundu wa mtu ambaye hajayafumba miaka mingi, akaujua, kwa kuwa alikuwa nao yeye pia.*

*"Umerudi kuchukua usingizi wako," akasema. "Mchukue taratibu. Upande wa kushoto usiubane, huwa unamuuma."*

*"Amelala. Umejuaje kwamba unamuuma?"*

*Mwanamke mzee akaweka mkasi chini, akakunja shuka.*

*"Wewe uliyekesha na kaka yako," akasema, "ulimjuaje anapoota vibaya?"*

#10

Mkuu, mimi nimeuguza mama yangu miezi tisa. Nimesoma hapo penye mkunjo wa shuka nikashindwa kuendelea, nimerudi baada ya saa nzima. Naomba nikuulize moja tu. Huyo mama mzee umempa jina gani? Na Urmila akiamka atamwambia nini?

#11 | Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu, na hongera kwa kumtunza mama.

Jina sijampa. Nimejaribu majina matatu, yote nimeyafuta, kwa sababu nataka Urmila ndiye amtaje kwanza. Hajawahi kumwona. Mwanamke huyu aliletwa Urmila akiwa ameshalala. Kwa hiyo akifumbua macho atakuta wageni wawili: mmoja anasema ni mume wake, na mwingine anazijua nywele zake, harufu yake, na ubavu unaomuuma. Atamgeukia nani?

Naandika usiku, mama akishalala. Bibi tulimzika mwaka juzi lakini mama bado anaamka saa nane bila kengele, anakaa kitandani dakika chache, kisha anajilaza tena. Sehemu ya pili nitaileta hapahapa Jumapili, na kabla ya kuileta nitampelekea Ba, maana bado yupo na macho yake bado yanasoma. Akiniambia kuna mahali nimevunja heshima, nitaparekebisha.

#4, wewe pia nitafurahi ukiisoma.

#12

Nitaisoma mkuu. Jumapili nipo.